Friji Iliyonyamaza

Jumatano, 1 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama, wewe na magoti yako yote mawili. Mimi nipo, nakula, nalala, kazi inanichosha kama kawaida.

Bibi, kuna tatizo na nataka unisaidie. Ile ruta iliyofungwa hapo zahanati mwezi wa kwanza, kisanduku cheusi chenye taa ukutani juu ya friji ya chanjo, imekatika tangu Ijumaa. Niliitengeneza mimi mezani kwangu, mwenzangu akaja kuifunga, unamkumbuka. Kazi yake ni moja: kila saa friji inapima joto lake, na ruta inaleta kipimo huku ofisini kwa mtandao wa simu. Ndani yake kuna laini mbili za kampuni mbili. Ya kwanza ikikosa mtandao, ya pili inashika kazi. Ndiyo maana nashangaa, kwa sababu zote mbili zimenyamaza kwa wakati mmoja, na leo ni siku ya sita.

Hadi friji isikike tena, gari haliruhusiwi kuleta chanjo mpya, na zilizomo ndani zisitumike. Ndiyo sheria, siyo mimi.

Simu ya mkononi haishiki huko bondeni bila antena kama ya ruta, na sitaki kukupandisha kilimani na magoti hayo. Kwa hiyo tutatumia gari la dawa la Alhamisi. Tafadhali angalia kama antena ya juu ya paa imesimama, kisha niandikie taa za ruta zinafanya nini. Usipunguze neno.

Mjukuu wako


Alhamisi, 2 Machi

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Magoti ni mawili, moja linanisikia, jingine lina mambo yake. Mengine nashukuru. Dereva wa gari la dawa kaniambia umekonda hadi saa inakuzunguka mkononi. Hilo lina siku yake.

Dereva anashusha maboksi na mimi naandika juu ya meza ya mizani, kwa hiyo usinitafutie makosa. Unajua shule yangu ni kadi za watoto. Miaka kumi na tisa nafagia hapa, nesi anaita jina, mimi natazama kadi, ndivyo nilivyozishika herufi moja moja. Huyo fundi mwenzako alipokuja kufunga mashine alinisemesha polepole na kwa sauti kubwa, nikamwacha tu ajichoshe.

Antena imesimama, kunguru wanaipenda. Umeme wa sola upo. Taa ni hivi. Ya juu kabisa ni ya kijani na imetulia. Halafu kuna yenye 1 na yenye 2. Ya 1 inawaka, inakonyeza, inakonyeza, inachoka, inazima. Inawaka ya 2, nayo inakonyeza, inachoka, inazima, tunarudi kwa ya 1. Zinahamahama kama mpangaji anayefukuzwa kila nyumba. Ya chini kabisa ni nyekundu asubuhi hadi jioni.

Friji ni nzima. Baridi ipo, na ninajua ninachokisema. Kilichonyamaza ni hicho kisanduku chenu.

Jumatatu nesi wa zamu alikuja, na akina mama kumi na saba na watoto wao. Akawaambia chanjo zipo ila haziruhusiwi. Mmoja akaniuliza, "Bibi, zimefungwa jela?" Nikamvutia benchi akae. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Wakanyonyesha pale barazani, wakafunga watoto mgongoni, wakarudi.

Hapa sijagusa kitu. Fanyeni kazi yenu.

Bibi yako, Bi Mkubwa


Jumatano, 8 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize habari ya magoti au habari ya hasira. Zote mbili nazitakia nafuu.

Taa ulizieleza vizuri kuliko mafundi wengine hapa, lakini bado sijapata jibu. Laini zote mbili nimezifuatilia. Kampuni ya kwanza walinisubirisha kwenye simu saa mbili wakinipigia muziki, wakaniambia laini ni hai. Ya pili wakaniambia laini ni hai na asante kwa kuwa mteja wetu. Bando lipo. Mipangilio yangu nimeikagua mara nne. Mkuu wa kitengo anasema kosa ni langu, na anasema hivyo mbele ya watu.

Fanya hivi. Chomoa ruta kwenye umeme, hesabu hadi sitini, chomeka, subiri dakika kumi. Kuna kitundu kidogo ubavuni. Usikitie sindano wala kijiti, itasahau kila kitu nilichoifundisha na hapo tutakuwa tumekwisha.

Sasa hili baya. Friji ikinyamaza siku thelathini inahesabiwa imekufa, inahamishiwa zahanati nyingine iliyo kwenye orodha. Gari litakalokuja Alhamisi tarehe 30 litakuja na watu wawili wa kuibeba. Nimemwomba mkuu anitume nije niione mwenyewe, kasema fundi hatolewi kwa kifaa kinachokaribia kuhamishwa. Nimemwambia hakikaribii kuhamishwa kama mimi nitafika. Karudi kwenye karatasi zake.

Bibi, nauliza tena na usikasirike. Una uhakika hakuna aliyegusa? Kitu hiki kilifanya kazi wiki saba bila kukohoa. Hakiwezi kuamka Ijumaa moja na kusahau njia.

Mjukuu wako


Alhamisi, 9 Machi

Mjukuu,

Salamu nimezipokea. Mke mwenza leo sikuiti.

Nimeichomoa. Nimehesabu sitini, na kwa kuwa sikuiamini hesabu yangu nikahesabu sitini nyingine. Nikaichomeka, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikiitazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Kumi nyingine za kwangu. Taa zikaanza tena kuhamahama na ile ya chini ikawa nyekundu vilevile. Basi kazi yako nimeifanya, sasa nisikilize na mimi.

Umeniuliza mara ya pili kama nimegusa. Mimi niliyekufunga nepi, nikakutoa punje ya mahindi puani kwa mdomo wangu, leo unaniuliza kama mlinzi anayempekua mtu getini. Nikisema sijagusa, sijagusa.

Na hiyo orodha yako. Surua imeingia bonde la pili. Nesi kasema Jumatatu, watoto watatu wa nyumba moja. Hapa kwetu kuna chupa za chanjo ndani ya friji, na mimi nina ufunguo kiunoni, na nimekatazwa kuzitoa kwa sababu ya taa nyekundu.

Wewe ulikuwa na miaka minne, hukumbuki vizuri. Mdogo wako alipopata surua hapa hapakuwa na friji, palikuwa na kiboksi cha barafu kilichokuja kikipenda. Nilimbeba mgongoni kwenda hospitali kubwa. Tulipofika darajani akaacha kulia. Nikafurahi, nikadhani kapata usingizi. Nikatembea saa nzima, na saa hiyo nzima nilikuwa nimefurahi. Sijawahi kumwambia mtu, hata mama yako. Nakwambia wewe ili usiniandikie tena habari za orodha.

Bibi


Jumatano, 15 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo, na naishika hasa.

Barua yako nimeisoma chooni kwa sababu ofisini hakuna mahali pengine pa kulia. Sikujua. Nisamehe kwa lile swali.

Lakini lazima niendelee, siku zinakwenda. Nataka ufungue kifuniko cha chini cha ruta, kina skrubu mbili ndogo. Ndani utaona vijumba viwili, kimoja kimeandikwa 1 na kingine 2. Toa kadi ya kila kijumba uninakilie tarakimu nne za mwisho zilizochapwa mgongoni, kisha uzirudishe zilipokuwa. Nataka kuhakikisha mwenzangu hakunifungia laini za zahanati nyingine. Nimebanwa hadi nashuku watu.

Dereva atakusubiri. Nimemwomba, kakubali kwa kununa.

Mjukuu wako


Jumatano, 22 Machi

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mzima.

Dereva karudi Alhamisi mikono mitupu. Kasema zahanati ilikuwa imefungwa, akaacha maboksi kwa jirani fundi cherehani, barua yangu akaisukuma chini ya mlango wako. Nimeelewa. Umeninunia.

Una haki ya kununa, Bibi, na ukinuna nakujua, unaweza kupita mwezi. Uliwahi kumnunia Babu msimu mzima kwa ajili ya ndoo. Lakini mwezi huu hatuna. Tarehe 30 ni Alhamisi ijayo, na barua yako ikinifikia kesho nitabaki na gari moja tu la kukujibu, hilohilo litakalowabeba hao watu.

Mimi nakaa hapa mbele ya ramani yenye vitone vya kijani, zahanati arobaini, na kimoja cha kijivu. Kila anayepita nyuma ya kiti changu anakiona. Nimechoka kuelezea. Ninune ukipenda, nitukane ukipenda, lakini niandikie zile tarakimu nne.

Mjukuu wako


Alhamisi, 23 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mzima. Alhamisi ile sikuwa na la kuandika, basi. Na ile ndoo ilikuwa mpya, mume wetu aliitia chokaa, ukweli usipindishwe.

Kifuniko chako nimekifungua, wala hukuwa na haja ya kunielekeza skrubu. Nakijua. Nilikwisha kukifungua siku ya sisimizi.

Naandika hapa kama nilivyoona. Kijumba 1: 4406. Kijumba 2: 9173. Ya kwanza ndiyo ile laini ya zamani ya zahanati, ya rangi ya chungwa, iliyokuwa kwenye simu ya nesi wetu kabla hajahamishwa. Ya pili ni hiyo mpya nyeupe mliyokuja nayo.

Usije ukaanza tena na neno kugusa. Sisimizi walipanga msafara kutoka dirishani hadi ndani ya mashine yako, wanatoka na kuingia kama wamelipia. Mashine inayolinda dawa za watoto, ndani ina sisimizi. Ningewaacha? Nikachukua bisibisi aliyoisahau dereva, nikafungua, nikawapuliza, nikatoa zile kadi mbili nikazifuta kwa pamba kavu, nikazirudisha vizuri kuliko zilivyokuwa. Huko si kugusa, huko ni kusafisha, na kusafisha ndiyo kazi yangu.

Nasema vizuri kuliko zilivyokuwa kwa sababu fundi mwenzako hana adabu. Ile laini ya zamani ina miaka kumi na mbili hapa. Namba yake imeandikwa kwenye kadi za kliniki za bonde zima, nesi alikuwa anakaa kilimani simu inakoshika, na wamama wamepiga namba ile wakiwa na uchungu. Yeye kaiweka namba mbili, akaitanguliza hii nyeupe iliyotoka dukani juzi. Tangu lini bi mdogo akakaa mbele na bi mkubwa akasukumwa uani? Nikampa kila mmoja nafasi yake.

Jumatatu waliokuja ni wamama sita tu. Wengine wamechoka kufukuzwa. Hao sita ndio wanaonikera zaidi, kwa sababu wao bado wanatuamini.

Bi Mkubwa


Jumatano, 29 Machi

Bibi,

Shikamoo. Soma barua hii kabla hujamkaribisha mtu yeyote ndani. Gari lililoileta limebeba pia wale watu wawili.

Bibi, uliwapanga kwa umri.

Nimekaa na karatasi yako nusu saa. Nilicheka, halafu nikataka kupiga meza, halafu nikacheka tena, mkuu akaniuliza kama nahitaji mapumziko. Wewe hukukosea kwa jinsi unavyoijua dunia, na mimi sikukosea kwa jinsi ninavyoijua ruta, na katikati yetu watoto wamekaa mwezi mzima bila sindano.

Iko hivi. Ili laini iingie kwenye mtandao lazima itaje jina la mlango wa kampuni yake, na kila kampuni ina jina lake. Ruta haitambui laini kwa sura, inatambua kijumba. Niliifundisha: aliyeko kijumba 1 mtajie mlango wa kampuni mpya, aliyeko kijumba 2 mtajie wa kampuni ya zamani. Ulipowabadilisha, bi mkubwa akawa anabisha mlango usio wake, anakataliwa, ruta inamjaribu bi mdogo, naye anabisha mlango wa mwenzake, anakataliwa. Ndio wale wapangaji wako wanaofukuzwa. Wametembea hivyo siku thelathini na tatu.

Wabadilishe. Ya chungwa, 4406, iende kijumba 2. Nyeupe, 9173, iende kijumba 1. Kona iliyokatwa itazame ndani. Funga, chomeka, subiri dakika kumi. Taa ya chini ikigeuka kijani, tumepona.

Niliitanguliza nyeupe kwa sababu mnara wake uko karibu na bonde. Sikumvunjia mtu heshima.

Nilimwomba mkuu aahirishe wiki moja. Kasema karatasi imeshapigwa mhuri. Wacheleweshe, Bibi. Hilo sina haja ya kukufundisha.

Mjukuu wako


Alhamisi, 30 Machi

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Herufi zikipinda ni bisibisi niliyoshika, usianze.

Walikuja wawili, mrefu mwenye kamba begani na mfupi mwenye karatasi. Nikavuta kigoda nikakiweka mbele ya friji, nikakaa, nikaanza kusoma barua yako. Unajua nasomaje. Neno moja, napumua, neno jingine. Mfupi akasema mama tuna safari. Nikamwambia na mimi niko safarini, nimefika mstari wa nne.

Nilipofika pale pa wapangaji nikarudia mara mbili. Sitakuficha, nilisikia aibu ikinipanda hadi masikioni. Mwezi mzima nawatukana nyinyi, kumbe aliyewafungia mlango wale wamama ni mimi na adabu zangu. Ningekuwa peke yangu ningekaa nikalia. Lakini mrefu alikuwa ameshaanza kupima friji kwa kamba, na mimi silii mbele ya mtu mwenye kamba.

Nikapanda juu ya benchi. Nikachomoa, nikafungua, nikabadilisha. Ile ya chungwa nilipoitoa nikaiomba radhi, kimoyomoyo, kwamba ni dharura. Mfupi akaniambia karatasi inasema wasiruhusu kifaa kuguswa. Nikamwambia karatasi yako imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuiona hii taa. Mrefu akacheka. Mfupi akamtazama, akaacha.

Nikachomeka. Nikamwomba dereva aweke maji ya chai, ili waone aibu kuondoka kabla hayajachemka.

Taa ya 1 ikawaka, ikakonyeza. Ikakonyeza. Nimezaa watoto sita na sijawahi kusubiri hivyo. Halafu ikatulia, haikuhama. Ya chini ikazima kabisa, kisha ikawaka kijani.

Mfupi akasema, "Mama, kijani ni rangi tu. Mimi nina mhuri." Nikampindulia kisanduku akasome neno la siri lililoandikwa chini, nikamwambia unganisha simu yako na mashine, mwulize mkuu wako hukohuko. Akaunganisha. Simu yake ikaanza kulia kama kuku, ujumbe wa asubuhi nzima wa mkewe. Akamwandikia mkuu. Tukaitazama simu wote wanne, dereva na birika mkononi. Jibu lilipoingia akalisoma kwa sauti, bila kupenda: "Iacheni. Vipimo vyote vimeingia."

Mrefu akakunja kamba yake. Chai wamekunywa, vikombe viwili kila mmoja, na mfupi kaomba radhi kwa namna ya watu wenye karatasi, yaani kasifia chai.

Mama mmoja yuko barazani tangu asubuhi na pacha. Nimemwambia asiondoke, Jumatatu nesi akija ataanza na wake. Kasema atalala kwa fundi cherehani hadi hiyo Jumatatu. Siku nne. Ona jinsi wanavyotuogopa sasa kwamba tutafunga tena.

Nisamehe. Sijui kuandika neno hilo kwa urefu.

Bi Mkubwa


Jumatano, 5 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Mtandao sasa upo, ningeweza kumtumia nesi ujumbe akusomee, lakini haya ni ya kwetu wawili.

Chanjo mpya zinakuja na gari hili, maboksi mawili. Nimehakikisha mwenyewe.

Sasa sikiliza. Friji ile ina kumbukumbu. Muda wote ambao ruta ilikuwa imepotea, yenyewe iliendelea kupima na kujiwekea, na mlipounganisha ikayamwaga yote. Vipimo vya mwezi mzima, saa baada ya saa, vikapanda kwenye kioo changu kama mstari. Mstari mzuri, nyuzi nne, nyuzi tano, hata mkuu alivuta kiti.

Lakini mstari una vinundu. Kila siku viwili, alfajiri na jioni, joto linapanda kidogo kwa dakika moja kisha linashuka. Mkuu akauliza ni hitilafu gani hiyo. Nikamwambia siyo hitilafu, huo ni mlango. Kuna mtu anafungua friji mara mbili kwa siku. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni bibi yangu.

Acha kuifungua, Bibi. Namba ya joto iko nje, kwenye mlango. Unapoteza baridi bure.

Nilitaka kuishia hapo, nikaendelea kutazama. Tarehe 14 jioni hakuna kinundu. Tarehe 15 hakuna. Tarehe 16, Alhamisi ile dereva alipokuta pamefungwa, hakuna. Tarehe 17 hakuna. Tarehe 18 jioni kipo kimoja, kifupi sana, kama mtu aliyefungua akashindwa kusimama.

Hukuwa umenuna.

Mimi nilikuandikia habari za ndoo ya Babu, na wewe ulikuwa umelala chumbani kwako, nyuma ya ukuta wa friji. Siku nne. Ulikuwa na nini? Nani alikupa maji? Kwa nini niambiwe na friji?

Nimeomba likizo nije. Mkuu kasema hadi mwezi wa saba, fundi hatoki ofisini ila kifaa kikiwa kibaya. Nimemjibu vibaya, na sijutii.

Mjukuu wako


Alhamisi, 6 Aprili

Mke mwenzangu mdogo,

Marahaba. Kumbe mlinifungia mbea ukutani. Mashine niliyoipuliza sisimizi kwa mdomo wangu mwenyewe inakwenda kunisema mjini.

Ilikuwa homa. Ilinishika nikiwa nafagia, nikasema nijinyooshe kidogo, nikaamka siku nyingine. Fundi cherehani alinipa maji na uji, nikamkataza kumwambia dereva, alikuwa anakuja na pini mdomoni hata hawezi kuniuliza hali. Kitanda changu na friji vimetenganishwa na ukuta mmoja, nikawa nasikia inavyonguruma. Kila ikizima kidogo nafumbua macho. Ikinguruma tena nalala. Siku ile ya 18 nilikwenda nimeshika ukuta, nikafungua, nikatia mkono, nikarudi. Namba ya mlangoni naiona, macho ninayo, lakini namba hainiambii kitu. Mkono ndio unaniambia. Kwa hiyo nitaendelea kufungua, mara moja kwa siku badala ya mbili, hapo nimekupunguzia nusu.

Sikukwambia kwa sababu ungenitumia mashine nyingine ya kunipima mimi. Nakujua. Miaka miwili sasa kila nikikohoa napokea kifurushi. Nina kipima presha kinachosema kwa sauti, nina taa inayojiwasha nikipita, inanishtua. Kimoja tu ndicho hakijaja kwenye boksi.

Jumatatu wamechanjwa watoto thelathini na mmoja. Pacha walianza, wakalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea. Mama yao kawafunga, kaondoka bila kutuaga, na amefanya vizuri.

Sasa huyo mkuu wako. Anasema fundi hatoki ila kifaa kikiwa kibaya. Sawa. Jumatatu inayokuja nesi akimaliza kuchanja mtoto wa mwisho na kufunga mlango, mimi nitaichomoa ruta. Hakuna mama atakayerudishwa, hadi Jumatatu nyingine hakuna kliniki. Friji haidhuriki, itaendelea kujiwekea vipimo vyake kama ulivyonieleza. Wewe Jumanne asubuhi mwonyeshe mkuu kitone cha kijivu, nuna, na umwambie safari hii lazima fundi afike. Hutakuwa umesema uongo. Gari linaondoka Alhamisi.

Mfupi mwenye karatasi asije.

Plagi utaikuta sakafuni chini ya meza ya mizani. Usianze nayo. Chumba changu kina mlango wa nyuma, nitauacha wazi, pitia huko.

Bi Mkubwa